"Masaa" Si Kosa: Funzo la Safari ya New York

Tangu tarehe 28 Oktoba 2018, safari za ndege za moja kwa moja zilipoanza, abiria ameweza kupanda ndege Nairobi na kushuka New York bila kutua kwingineko. Umbali kati ya miji hiyo ni takriban kilomita 11,800. Umbali huo haubadiliki. Kinachotatiza ni muda, na tatizo lenyewe latuhusu sisi wanafunzi wa Kiswahili pengine kuliko marubani.

Tuchukue mfano wa mwezi wa Januari, ambapo New York huwa nyuma ya Nairobi kwa saa nane. Abiria akiondoka Nairobi saa tano usiku, hufika huko saa kumi na mbili asubuhi. Anayezilinganisha saa za ukutani pekee atadhani safari imechukua saa saba, ilhali abiria amekaa angani kwa saa kumi na tano. Akirejea, aondoke saa sita mchana, hufika Nairobi saa nne asubuhi ya siku ya pili. Saa za ukutani zitadai ishirini na mbili. Angani ni kumi na nne. Hiyo moja iliyopungua ni hisani ya pepo za juu zivumazo kutoka magharibi.

Je, msomaji, umeona neno "saa" lilivyotwikwa mzigo? Ni chombo, ni nukta ya wakati, tena ni kipimo cha muda. Mtu akisema, "Ndege ya Dubai itasafiri saa tano," je, itaondoka saa tano au itakaa angani kwa saa tano? Maana zote mbili zawezekana, kwa kuwa safari hiyo huchukua takriban muda huo.

Ndiyo maana napinga wino mwekundu unaomwagwa kila mwanafunzi anapoandika "masaa". Hoja ya walimu wetu naifahamu: "saa" ni nomino ya ngeli ya I-ZI, na umbo lake halibadiliki katika wingi. Hata hivyo, tuwasikilize wazungumzaji. Hawasemi "tuonane masaa matano". Husema "tuonane saa tano", kisha "nimekungoja masaa matano". Wametenga nukta na muda, na upatanisho wao hauyumbi. Huo si uzembe, ni sarufi.

Wapo watakaosema kuwa "kwa muda wa saa tano" yatosha. Naam, yatosha, nami nimeutumia mtindo huo hapo juu. Lakini kuwepo kwa njia ndefu hakuifanyi njia fupi kuwa kosa.

Shime, wanasarufi! Kabla ya kumkosoa mwanafunzi, tumwulize alikusudia nini. Kuuliza si ujinga. Nami nasema bila kusita: ndege ya New York ikiondoka saa tano usiku, itakaa angani masaa kumi na matano.