Meno ya Kahawia Si Uchafu, Ni Maji

Wasee, leo tuseme ukweli. Kila nikiweka video, lazima mtu aandike, "Piga mswaki kwanza." Buda, napiga mara mbili kwa siku. Nimelelewa Naivasha kwa maji ya kisima. Haya madoa hayatoki kwa brashi kwa sababu hayako juu ya jino. Yaliingia ndani jino likiwa bado linaundwa chini ya ufizi, nikiwa mtoto mdogo.

Floraidi kidogo inalinda meno. Ikizidi inayaharibu, na ukiinywa kwa wingi miaka mingi, inaweza kuumiza mifupa na kukaza viungo. Kikomo cha Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 kwa lita. Lakini Bonde la Ufa limejaa miamba ya volkeno, na visima vingi Nakuru na Kajiado, hata vingine hapa Nairobi, vinapita hapo.

Sasa kinachoniudhi ni hiki. Landilodi anachimba kisima, anaandika "maji 24/7", anapandisha kodi. Muulize floraidi ni ngapi, anakuangalia kama umemtusi. Mwenye gari la maji naye anakwambia, "Chemsha tu." Kuchemsha kunaua vijidudu, sawa, lakini floraidi inabaki palepale, na maji yakipungua kwa sufuria inazidi kukolea. Klorini pia haiitoi. Ongeza majani ya chai, ambayo yana floraidi yake, na magadi ya kuivisha maharagwe haraka. Yote hayo yanaishia kwa mwili wa mtoto wa miaka mitatu.

Na msituambie hakuna dawa. Chujio za mkaa wa mifupa zimetengenezwa hapo Nakuru kwa miaka. Mashine za osmosisi zipo. Kinachokosekana ni mtu wa kuwajibika. Katiba ya 2010, Kifungu cha 43, inampa kila mtu haki ya maji safi na salama. Maji kung'aa kwa glasi si ushahidi kwamba ni salama.

Kwa hivyo, kabla ulipe deposti ya nyumba, itisha karatasi ya maabara. Kama una mdogo wako, fanya hivyo mara mbili. Na kaunti zibandike kipimo cha floraidi kwa kila kisima wanachouzia watu maji. Bei ya mtungi huwa imeandikwa pale. Hiyo namba nyingine inafichwa kwa nini?