Gugu Tunang'oa, Mbolea Tunamwaga

Kila Ziwa Victoria likifunikwa na kijani, wakubwa hutafuta mabuti. Hufika ufukweni na msafara, hushika fungu la magugu maji, hupigwa picha, kisha hutamka neno lilelile: tumevamiwa. Wakiondoka, upepo hugeuka na lile zulia la kijani hurudi ghubani kama kawaida yake.

Ni kweli gugu maji ni mgeni. Asili yake Amerika Kusini, na upande wa Uganda lilionekana ziwani mwaka 1989. Mto Kagera nao umekuwa ukilisomba kutoka Rwanda na Burundi bila kuchoka. Salvinia, hili gugu jipya lililosumbua kivuko cha Kigongo–Busisi, Mwanza, mapema 2025, chimbuko lake pia ni Amerika Kusini. Lakini wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Huyu wetu amemaliza miaka zaidi ya thelathini, na jembe hatujampa. Tunampakulia tu.

Tena kuna jambo ambalo wenye mabuti hawapendi kulitaja, kwa sababu halishikiki mkononi wala halipendezi kwenye picha. Ni mwani. Nenda Dunga, Kisumu, siku ya joto isiyo na upepo, uchote maji kwa kiganja: utatoka na rangi nzito ya kijani inayoganda kwenye kucha, na harufu ya udongo uliovunda. Kingi cha kijani hicho ni sianobakteria, na hao si wageni kabisa. Ni wenyeji wa ziwa tangu zamani. Walikuwa wachache kwa sababu chakula kilikuwa kichache. Tumewaongezea fosforasi na naitrojeni, wamezaana. Hapo utamlaumu nani, Amerika Kusini?

Miaka ya 1920 wapimaji waliteremsha sahani nyeupe kwenye maji ya ziwa hili, wakaendelea kuiona hadi mita 7 hivi. Kufika miaka ya 1990, sahani ya namna hiyo ilipotea machoni kabla ya nusu ya kina hicho. Hata furu, wale samaki wadogo wa rangi ambao sangara aliwafyeka kwa mamia ya aina, waliathirika: jike humtambua dume wa jamii yake kwa rangi, na maji yakichafuka haoni rangi, huweza kuzaa na wa jamii nyingine. Ukungu wa majini umefuta hata ukoo wa samaki.

Hilo la furu huenda lisimsumbue mtu. Basi tuzungumze maji ya kunywa. Baadhi ya sianobakteria hao, hasa Microcystis, hutoa sumu iitwayo maikrosistini, inayoharibu ini. Tumewafundisha kina mama wa mialoni kuchemsha maji, nao wanachemsha, kwa kuni za kununua. Moto huo unaua vijidudu vya kipindupindu. Maikrosistini hauitoi. Mwalo gani umewahi kuwekewa hata kibao cha onyo maji yanapogeuka rangi?

Chakula cha mwani kinatoka wapi? Mwanza, fuata mto Mirongo kutoka mjini hadi unapoingia ziwani, ukiweza kuvumilia harufu. Kisumu, fuata Kisat. Kampala, fuata mfereji wa Nakivubo unaomwagia ghuba ya Murchison, ghuba ileile yenye mabomba ya Gaba yanayoinywesha Kampala. Maji ya ghuba yalipozidi kuharibika na gharama ya kuyasafisha kupanda, serikali ilijenga mtambo mpya wa maji mbali huko Katosi. Kwa haki, wamejenga pia mtambo wa majitaka Bugolobi. Lakini ona ujasiri wa kuhamisha bomba: umechafua kisima, unahama kisima! Na ziwa hili likiharibika lote, tutahamia lipi?

Mafunjo ya kandokando, yaliyokuwa chujio la bure, tumeyafyeka tukalima na kujenga. Na mkulima anayechoma shamba kila kiangazi asijione msafi kwa kuwa yuko mbali na ufukwe. Utafiti uliofanywa upande wa Tanzania ulikadiria kwamba zaidi ya nusu ya fosforasi inayoingia ziwani hushuka kutoka angani, kwa vumbi na moshi. Kiberiti cha bara kinanenepesha mwani wa ziwani.

Wala tusijidanganye kwamba ziwa litajisafisha lenyewe. Lina mlango mmoja tu wa kutokea, Jinja, kwenye Nile. Maji mengi yanayoondoka huondoka kwa mvuke, na mvuke haubebi fosforasi. Kila ndoo ya majitaka tunayomwaga, uchafu wake mwingi unakaa.

Ndiyo maana mashine za kukata magugu hazinitii moyo. Mwaka 1999 katika ghuba ya Winam, Kenya, mitambo ilikatakata magugu na kuyaacha yazame, yakaoza humohumo, yakawa mbolea. Fukusi, wadudu walao gugu, waliofugwa na kuachiwa majini miaka ya 1990 walifanya kazi yao kimyakimya, wakalipunguza gugu kweli. Ila fukusi hali kinyesi cha mji wala mbolea ya shamba la miwa. Hiyo ni kazi ya madiwani, wabunge na mawaziri wa nchi za ziwa hili, ambao wana kamisheni nzima ya bonde la ziwa, makao yake Kisumu, palepale penye kijani.

Kwa hiyo kiongozi wako akija tena ufukweni na buti zake, usimpigie makofi. Mwulize majitaka ya kata yako yanaishia wapi, na ametenga shilingi ngapi kuyazuia. Akikosa jibu, mwambie alirudishe gugu lake majini aende zake.