Kikombe cha Babu kwa bei ya mikorosho

Mjomba wangu wa Newala huwa hapigi simu. Anabipu, halafu mimi napiga. Wiki iliyopita kapiga mwenyewe, kwa vocha yake, nikajua kuna jambo.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Nimepata mteja wa lile shamba la mikorosho. Nataka mama yako mdogo aende nje, akatibiwe na zile seli."

Seli gani tena? Akanisomea ujumbe aliotumiwa. Wanakutoa damu, wanachukua seli zako mwenyewe zinazoitwa wauaji wa asili, wanazizalisha maabara mpaka zinafika mabilioni, kisha wanakurudishia mwilini zikaimalize kansa. Hukatwi, huchomwi mionzi, nywele hazinyonyoki. Chini kuna namba ya wakala aliyeko Dar. Juu kimebandikwa kipande cha gazeti: "Kiboko ya saratani yapatikana".

Mjomba akaniuliza, "Si wewe mwenyewe uliyeandika?"

Ni mimi, wadau. Ulikuwa mwaka wangu wa kwanza kazini, saa kumi na moja jioni, ukurasa una shimo na mhariri anafoka. Nikachukua tangazo la kliniki fulani ya ng'ambo, nikalifupisha, nikatia jina langu. Sikumpigia simu daktari hata mmoja. Ndiyo maana leo sina haki ya kuwatukana matapeli peke yao.

Tuanze na ukweli, maana uongo huu una nguvu kwa sababu umepandikizwa juu ya kitu cha kweli. Seli hizo zipo. Ni aina ya chembe nyeupe za damu ambazo hazihitaji kufundishwa kwanza ndipo ziue seli yenye virusi au seli ya kansa. Zilielezwa mwaka 1975 na Rolf Kiessling, Eva Klein na Hans Wigzell kule Stockholm, na Ronald Herberman kwa upande wa Marekani. Mwaka 1985 Steven Rosenberg na wenzake, Marekani, walitangaza matokeo ya kuwarudishia wagonjwa chembe zao wenyewe zilizochochewa maabara. Kuna uvimbe uliopungua, na kuna wagonjwa walioumizwa vibaya na dawa ya kuchochea iliyoambatana nazo.

Kwa nini basi hospitali za dunia nzima hazikujaa tiba hiyo tangu enzi hizo? Kwa sababu seli zako zinakujua. Seli muuaji inapomkaribia mwenzake hukagua kitambulisho chake, na akiwa nacho humwacha apite. Klas Kärre alilifafanua hilo miaka ya 1980. Sasa uvimbe wa mtu ni nyama yake mwenyewe, na mara nyingi una kitambulisho kilekile. Ndiyo maana watafiti wengi waligeukia seli za mtu mwingine. Mwaka 2020 madaktari wa Houston walitoa matokeo ya wagonjwa 11 wa kansa za damu waliopewa seli za damu ya kitovu zilizobadilishwa vinasaba. Wagonjwa 8 walipata nafuu, na 7 kati yao kansa haikuonekana tena. Inatia moyo kweli. Ila soma vizuri: wagonjwa 11, kansa za damu, seli za watu wengine. Mama mdogo ana saratani ya mlango wa kizazi, na anachouziwa ni seli zake mwenyewe.

Na tusidanganyane kwamba kwa kuwa ni damu yako basi haina madhara. Oktoba 2024 wizara ya afya ya Japani iliisimamisha kliniki moja ya Tokyo baada ya watu wawili kurudishiwa seli zao za aina hii na kupata maambukizi makali ya damu. Japani, jamani, wenye maabara za kuotea ndoto!

Hoja yangu ni moja. Tiba ambayo bado inajaribiwa haiuzwi. Katika jaribio la kweli mgonjwa ndiye anayemsaidia mtafiti, si kinyume chake. Anaelezwa hatari, anasaini, anafuatiliwa kwa miaka, na kwa kawaida halipishwi dawa inayojaribiwa juu ya mwili wake. Anayekutaka uuze shamba kwanza hakufanyii utafiti. Anafanya biashara, na bidhaa yake ni hofu yako.

Sisi watu wa huku hilo tungepaswa kulijua kuliko wengine. Mwaka 1952 na 1953 watu wa Newala na Masasi waliugua homa iliyowakunja viungo. Marion Robinson na W.H.R. Lumsden wakaiandika, R.W. Ross wa Entebbe akakipata kirusi ndani ya damu ya wagonjwa, na neno la Kimakonde likazunguka dunia: chikungunya. Mwaka 1967 Eva Klein huyohuyo na mumewe George, waliokuwa wakipokea sampuli kutoka Nairobi, waliotesha seli za uvimbe wa kijana wa Kiafrika wa miaka 16. Zinaitwa Daudi. Mpaka leo maabara huzitumia kama shabaha ya kupimia makali ya seli wauaji zilizochochewa. Damu ya Afrika Mashariki imo ndani ya sayansi hii tangu mwanzo. Tunachostahili kudai ni nafasi katika majaribio ya kweli, hapahapa nyumbani. Haliwezekani? Muhimbili ilianza kupandikiza uloto mwaka 2021. Hospitali ya Dodoma inayobeba jina la Mkapa, mtoto wa Lupaso, Masasi, ilifuata mwaka 2023 kwa watoto wenye selimundu.

Najua mtakachosema. "Mgonjwa akishakata tamaa, mwacheni ajaribu." Sawa, lakini nani kakwambia mama mdogo kakata tamaa? Ana barua ya rufaa ya kwenda Ocean Road. Ugonjwa wake una tiba inayojulikana, mionzi na dawa, na haujasambaa. Kinachomshinda ni nauli, mahali pa kulala Dar kwa wiki tano au sita za mionzi, na mtu wa kumpikia uji. Hayo hayana kichwa cha habari. Hakuna wakala anayeyatangaza, kwa kuwa hakuna kamisheni ndani yake. Wakati mjomba anasubiri mteja amalizie hela, uvimbe hausubiri. Tapeli wa namna hii haibi fedha tu, anaiba miezi.

Mwaka 2011 tuliwacheka waliopanga foleni Samunge kwa Babu wa Loliondo. Tuliwaita washamba. Kikombe kile kilikuwa shilingi 500. Cha leo kinauzwa kwa dola, kina picha ya hadubini na mtu kavaa koti jeupe, na wanaokisambaza ni sisi wenye digrii. Mjomba aliishia darasa la saba. Hakuutunga ujumbe ule. Ametumiwa na binamu yangu aliyemaliza chuo kikuu, akauamini kwa sababu ya binamu yangu mwingine aliyemaliza chuo kikuu, yaani mimi.

Nilimwambia mjomba ukweli wote, pamoja na ule wa saa kumi na moja jioni. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Kumbe mnaandika tu." Wadau, nimewahi kutukanwa na wanasiasa. Hakuna tusi lililoniingia kama hilo.

Shamba halijauzwa. Mama mdogo anapanda basi Jumatatu, na kwa wiki zote za mionzi atakaa kwangu, chumba kimoja hikihiki, mimi nitalala kwa jirani. Binti yake mdogo nimemwambia mjomba ahakikishe amepata chanjo ya HPV, ile inayotolewa kwa wasichana nchi nzima tangu 2018.

Gazetini niliomba tuchapishe masahihisho. Nikaambiwa habari ile imeshapita, waache waliokufa wapumzike. Basi nayachapa hapa, kwa jina langu lilelile: kiboko ya saratani haijapatikana. Niliandika bila kuuliza. Wewe uliyeusambaza ule ujumbe, msambazie na huu.