Mbuzi Kala Chungwa, Shangazi Kanywa Sukari

Nilimkuta shangazi yangu hapa Mpale, mkoani Tanga, akikamua machungwa, akayachuja kwa kitambaa na makapi akawamwagia mbuzi. Ilikuwa siku yake ya tatu bila ugali wala mboga. Kuna mtu kwenye simu aliyemuuzia ratiba ya juisi ya siku saba, eti inakata kitambi. Nilimwambia, na hapa narudia bila kumung'unya maneno: shangazi, chungwa kalila mbuzi.

Glasi moja ya juisi ya chungwa, mililita 250, ina sukari ipatayo vijiko vitano vya chai, hata usipoongeza punje. Ndiyo maana mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani liliiweka sukari ya juisi kapu moja na ya dukani na asali, katika zile linazotutaka tuzipunguze. Sukari iliyo ndani ya tunda zima haikuwekwa humo. Tofauti ya juisi na tunda zima ni yale makapi. Nyuzinyuzi ndizo zinazojaza tumbo na kuichelewesha sukari kuingia kwenye damu, na ndizo tunazozitupa zizini!

Jambo hili si geni. Mwaka 1977 watafiti wa Bristol, Uingereza, waliwapa watu 10 matofaa mazima, yaliyopondwa, na juisi yake. Juisi ilimalizwa kwa kasi mara 11 kuliko tunda zima, na ndiyo iliyoshibisha kidogo kuliko vyote. Jaribu mwenyewe kula machungwa manne mfululizo. La tatu tu litakukinaisha. Yakamue uone kama hutayamaliza kabla hujakaa kitini.

"Lakini nimepungua kilo mbili!" utasema. Umepungua maji. Mwili huweka akiba ya wanga kwenye ini na misuli, na akiba hiyo hushika maji mengi. Ukijinyima chakula inatoka, mizani inashuka, na muuzaji anapiga picha. Ukirudi kwenye ugali maji nayo yanarudi. Na kwa kuwa juisi haina protini ya maana, sehemu ya kilichopotea ni misuli yako. Juisi ya tango na mchicha ina sukari kidogo, hilo nalikubali, lakini ukishaichuja umebaki na maji ya kijani. Kama lazima usage, saga na unywe vyote.

Kinachonichoma ni kwamba ratiba hizi za juisi zinauzwa kwetu, watu wa machungwa. Barabara ya Segera kuna kijiji kinaitwa Michungwani! Akina mama wanakaa juani na mafungu yao, chungwa limemenywa vizuri kwa kisu, na sisi tunalipita kwenda kulipia chupa yenye jina la kizungu. Na wanaouziwa zaidi ni watu kama shangazi yangu, ambaye daktari ameshamwonya kuhusu sukari. Anayemwambia mtu wa namna hiyo anywe juisi tupu kwa wiki nzima anacheza na uhai wake, na anapaswa kuambiwa hivyo usoni.

Jioni ile tulipika kisamvu na maharage, na ugali wa kiasi. Shangazi alikula polepole, kisha akamenya chungwa moja, akalitafuna lote na nyama zake. Mbuzi walilia zizini mpaka usiku.