Baba anaporudi kwenye ndege zake za zamani, nyumba nayo ijiandae

“Baba, hii soda bado nzima?”

Swali hilo la binti wa miaka 10 lilimfanya baba yake, mkazi wa Morogoro, aache kila alichokuwa ameshika. Asubuhi hiyo ya Jumamosi alikuwa ameshusha boksi lililokaa juu ya kabati la stoo kwa miaka 18. Ndani yake kulikuwa na ndege ndogo ya mbao, redio ya kuiongozea, betri, gundi zilizoganda na chupa ya soda ya nusu lita. Kilichokuwa ndani ya chupa kilikuwa na rangi ya juisi ya nanasi.

Haikuwa soda. Ilikuwa methanoli iliyochanganywa na mafuta ya mnyonyo, mafuta yanayoendesha injini ndogo za ndege hizo. Binti hakunywa kwa sababu kifuniko kilikuwa kimegoma kufunguka. Hilo tu ndilo lililomwokoa.

Methanoli ni sumu. Kiasi kidogo kinaweza kumpofusha mtoto au kumuua, na ubaya wake ni kwamba dalili huchelewa. Aliyekunywa anaweza kuonekana mzima kwa saa kadhaa kabla ya kuanza kuumwa kichwa, kutapika, kuona ukungu na kupumua kwa shida. Mzazi anayehisi mtoto amekunywa asisubiri dalili na asimtapishe. Ampeleke hospitali mara moja, na chupa aibebe.

Kwa nini alirudi

Baba huyu alijifunza kurusha ndege za redio akiwa masomoni Uingereza miaka ya 1990. Aliporudi nyumbani aliendelea kidogo, akichanganya mafuta mwenyewe. Kisha zikaja ndoa, watoto, ujenzi wa nyumba na ada za shule. Boksi likapanda kabatini.

Mwaka huu, akiwa na miaka 50 na kidogo, alipimwa na kukutwa na shinikizo la damu la juu. Daktari alimpa dawa, akamtaka apunguze chumvi, atembee kila siku na atafute shughuli ya kumtuliza ambayo si kazi wala simu. Akakumbuka boksi.

Hapa ni vizuri kueleweka. Kuunda ndege hakutibu shinikizo la damu, na anayetumia dawa hapaswi kuziacha kwa sababu anajisikia ametulia. Lakini kazi ya mikono inayohitaji umakini humtoa mtu kwenye mawazo yanayozunguka palepale, na kurusha ndege humtoa nyumbani akasimame, atembee na akutane na watu.

Umri nao si kikwazo kikubwa. Agosti 2003, ndege ndogo ya Mmarekani Maynard Hill iliyokuwa na uzito usiofika kilo 5 ilivuka Bahari ya Atlantiki kutoka Canada hadi Ireland. Ilikwenda kilomita zaidi ya 3,000 kwa karibu saa 39, ikijiongoza kwa GPS. Hill alikuwa na miaka 77, na macho yake yalikuwa yamedhoofika sana.

Mambo yamebadilika

Anayerudi baada ya miaka mingi hukuta mchezo mwingine. Enzi za baba huyu, redio za Uingereza zilitumia masafa ya megahezi 35, na kila mrushaji alikuwa na kifaa kidogo kinachoitwa kristali kilichompa chaneli yake. Wawili wakiwasha chaneli moja, ndege ilianguka. Redio za sasa hutumia gigahezi 2.4, na kila redio hufungwa na ndege yake, hivyo watu wengi wanaweza kurusha pamoja.

Injini za mafuta zimeachia nafasi mota za umeme. Mti wa balsa bado upo na bado unapendwa, lakini ndege nyingi za kujifunzia ni za foamu ngumu, inayofanana na ile inayozungushiwa televisheni mpya kwenye boksi. Ikianguka, mara nyingi huungwa kwa gundi jioni hiyohiyo.

Kwa mzazi, badiliko kubwa ni betri. Zilizokuwa kwenye boksi zilikuwa na kadmi, madini yenye sumu, na mbili zilikuwa zimetoa unga mweupe. Betri za namna hiyo zishikwe kwa glavu, zisiwekwe mikononi mwa watoto, zisichomwe na takataka. Za sasa ni za lithiamu, maarufu kama lipo. Ni nyepesi na zina nguvu nyingi, lakini zikitunzwa vibaya huwaka moto.

Masharti ya mama

Siku iliyofuata ile ya chupa, mama wa nyumba hiyo alisema lake.

“Baba watoto, sijakukataza kurusha ndege. Nimekataa kulala na bomu sebuleni.”

Alikuwa na haki. Mumewe alikuwa ameshanunua betri mpya na kuichaji juu ya kochi. Walikaa mezani baada ya watoto kulala wakaandika masharti kwenye karatasi, ambayo sasa imebandikwa ndani ya mlango wa stoo. Mzazi yeyote mwenye ndege, gari la rimoti au droni nyumbani anaweza kuyachukua.

La kwanza, betri huchajiwa juu ya sakafu ya saruji au vigae, mbali na pazia, godoro na mlango wa kutokea, na mtu mzima akiwa macho palepale. Haichajiwi usiku watu wamelala.

La pili, hutumika chaja ya betri za lipo, yenye kusawazisha seli, na hairuhusiwi kuharakisha. Betri ya 2,200 mAh huchajiwa kwa ampea 2.2, kazi ya saa moja hivi. Kila seli huishia volti 4.2, basi. Isiyotumika kwa siku kadhaa huhifadhiwa ikiwa karibu volti 3.8 kwa seli. Haiachwi imejaa wala haiachwi tupu.

La tatu, betri iliyovimba, iliyotoboka au iliyoanguka na ndege haichajiwi tena. Ikianza kutoa moshi ndani ya nyumba, watu wote watoke, mlango ufungwe, moshi usivutwe, na zimamoto wapigiwe. Kwa Tanzania namba ni 114.

La nne, propela hutolewa kila ndege inapojaribiwa ndani. Mota ya umeme haina mlio wa kuonya kama injini. Betri ikishaunganishwa, kugusa kidogo tu rimoti kunaweza kuizungusha, na vidole vya mtoto viko pale pale. Uwanjani, rimoti huwashwa kwanza, ndege baadaye. Wakati wa kuzima, ndege hutangulia.

La tano, supagluu na msasa hutumika dirisha likiwa wazi, na vumbi la mbao halipigwi mwenye pumu akiwa chumbani. Kope zikinata kwa gundi zisivutwe; zioshwe kwa maji ya uvuguvugu na mtoto apelekwe hospitali. Gundi hiyo ikimwagikia nguo ya pamba hupata moto kiasi cha kuunguza ngozi, kwa hiyo isifutwe kwa fulana.

La sita lilikuwa fupi: hakuna kitu kisichonywewa kitakachowekwa kwenye chupa ya kinywaji.

Chupa yenyewe haikumwagwa kwenye sinki wala kutupwa kwenye moto wa taka. Mwali wa methanoli hauonekani vizuri mchana, na mtu anaweza kuungua bila kuuona. Baba aliipeleka kwenye maabara ya chuo kimoja, wakakubali kuipokea.

Kabla ya kwenda uwanjani

Wazazi wengi huona ndege hizi kama midoli. Sheria haizioni hivyo kila mara. Tanzania vyombo vya angani visivyo na rubani husimamiwa na Mamlaka ya Usafiri wa Anga, TCAA, na Kenya husimamiwa na KCAA. Ulizeni kwanza kama ndege yenu inahitaji usajili au kibali, na mahali gani panaruhusiwa. Jirani na kiwanja cha ndege, juu ya watu na juu ya barabara si mahali pa kurushia hata kama hakuna anayewaona.

Anayerudi baada ya miaka mingi asitegemee mikono ya ujana. Ndege ikielekea mbali, kulia ni kulia. Ikigeuka na kumjia mrushaji, kulia kunaonekana kushoto, na hapo ndipo wengi huanguka. Kuna programu za kompyuta za kufanyia mazoezi, na kuangusha ndege humo hakugharimu kitu. Baba huyu alianguka kwenye kompyuta mara nyingi kuliko binti yake, jambo ambalo binti hakulificha shuleni. Alipimwa macho pia, maana baada ya miaka 40 wengi huhitaji miwani ya karibu kwa kazi ya mezani, na uwanjani wanahitaji kuona mbali na kuyakinga macho na jua.

Wiki sita baadaye familia ilikuwa kwenye uwanja wa mpira uliokuwa mtupu, kwa ruhusa ya wenye uwanja na baada ya baba kuuliza kwa mamlaka. Ndege ilikuwa ya foamu, na rimoti zilikuwa mbili, zimeunganishwa. Mwalimu hushika yake akiwa amebana swichi. Akiwa ameibana, mwanafunzi ndiye anayerusha. Akiiachia tu, ndege inarudi kwake.

Binti alirusha mzunguko wa kwanza vizuri. Wa pili ndege ilimjia, akachanganya kulia na kushoto, bawa likalala.

“Baba, chukua!”

Akaichukua, akainyanyua, akairudisha juu. Kisha akabana swichi tena.

“Haya mwanangu, ni yako. Pole pole.”

Mama alikuwa amekaa kivulini na chupa za maji. Kila moja ilikuwa na maji.

Leo jioni, kabla ya kulala, ingia stoo na chini ya sinki. Angalia kila chupa ya soda, ya maji na ya juisi. Iwe mafuta ya taa, dawa ya wadudu, maji ya betri au mafuta ya ndege, kama si kinywaji, kiondoe humo. Mtoto hasomi kilichomo. Anasoma umbo la chupa.