Mhasibu Anapougua, Madaftari Yawe Mikononi mwa Nani?

Mhasibu mwenye afisi yake mwenyewe, kama walivyo wengi katika ghorofa za mji wa Mombasa, akishikwa na maradhi mazito, jamaa zake humuuguza kwa mapenzi yote, na aghalabu huificha habari yake ili wateja wasitawanyike. Kuuguza ni wajibu. Kuficha, kwa itikadi yangu, ni dhuluma, ijapokuwa haikukusudiwa. Kwani mwenye duka wa Kongowea, ambaye kila mwezi hupeleka risiti zake ndani ya boksi la sabuni, hana habari kwamba boksi lake halijafunguliwa. Na tarehe 20, siku ya mwisho ya ritani za VAT, ikimpita, Mamlaka ya Ushuru haiulizi nani amelazwa, bali humtoza yeye mwenye duka shilingi 10,000, au asilimia 5 ya kodi inayodaiwa, kiasi kilicho kikubwa zaidi.

Afisi ya namna hii si shamba la minazi, ambalo mwenyewe hata akifumba macho nazi huwaangukia warithi. Cheti cha kuhudumu alichopewa na taasisi ya wahasibu, ICPAK, ni chake peke yake. Madaftari ni amana za watu. Hati ya uwakilishi aliyompa mkewe au mwanawe hukoma siku anapofariki, na tangu hapo Sheria ya Urithi humkataza yeyote kugusa mali ya marehemu pasi na idhini ya mahakama.

Kwa hiyo makabidhiano yafanywe mgonjwa angali na ulimi na kumbukumbu, maana mengi ya afisi hayakuandikwa popote: kwamba mteja huyu hulipa kidogo kidogo baada ya Idi, kwamba yule ana pingamizi na watu wa kodi, kwamba ujumbe wa kubadili neno la siri la iTax, mtandao wa kodi, huingia katika simu ya mpwa wake aliyeko Malindi. Wateja waandikiwe barua na kuombwa ridhaa, kisha mhasibu mwenzake mwenye cheti aketi naye, wapitie majalada moja baada ya moja. Siri ya mteja haiuzwi pamoja na meza na kabati.

Linalonisikitisha zaidi ni bei, afisi yenyewe inapouzwa. Yuko mnunuzi ajuaye kwamba gharama za hospitali hazingoji, akaja kitandani kupunguza thamani ya jasho la miaka. Ndiyo maana mapatano ya kuachiana kazi kati ya mhasibu na mwenzake yafaa kuandikwa wakati wote wawili wana siha, pamoja na kanuni ya bei: kiasi gani kitangulie, na kiasi gani kilipwe kwa kadiri ya wateja watakaobaki. Naona ni haki kila ahudumuye peke yake, anapohuisha cheti chake, ataje kwa maandishi jina la mwenzake atakayeshika kazi, na mwenzake huyo atie sahihi.