Kisangani ina waigizaji, sasa inahitaji wanaoandika

Kutoka Makiso hadi Mangobo, kijana wa Kisangani anayependa sanaa huanza kwa kuigiza. Anaigiza shuleni, anaigiza parokiani, kisha anaingia kwenye kundi la mtaa na kujifunza maneno ambayo mtu mwingine ameyatunga. Wengi huishia hapo. Wanaochukua kalamu na kuandika senario yao wenyewe ni wachache, na upungufu huo unaugharimu mji wa Boyoma zaidi ya inavyodhaniwa.

Historia inaonyesha hivyo. Mwaka 1951 mwongozaji John Huston alileta Humphrey Bogart na Katharine Hepburn hadi kwenye mto Ruiki, upande wa Ubundu, kupiga filamu ya The African Queen. Filamu hiyo ilizunguka dunia nzima, na Bogart akapata tuzo ya Oscar. Lakini hadithi yake haikuwa ya Kongo. Ilisimulia mambo ya Afrika Mashariki ya Wadachi wakati wa vita ya kwanza ya dunia, na senario iliandikwa na James Agee pamoja na Huston mwenyewe, kutoka kitabu cha Mwingereza. Mto na msitu wa Tshopo vilitumiwa kuonyesha nchi nyingine. Ndivyo inavyokuwa kwa mahali pasipo na waandishi: panaonekana kwenye picha, lakini hapasemi neno.

Mwana wa Ubundu ndiye aliyeonyesha njia tofauti. Faustin Linyekula, aliyezaliwa mwaka 1974, alijifunza fasihi na maigizo Kisangani. Mwaka 1993 aliondoka Zaire na kufika Nairobi, na huko mwaka 1997 akashirikiana na wenzake kuanzisha kundi la dansi la Gàara. Mwaka 2001 alirudi nyumbani na kuanzisha Studios Kabako mjini Kinshasa, ambayo baadaye aliihamishia Kisangani. Anajulikana zaidi kama mcheza dansi, lakini yeye hujiita msimulizi wa hadithi. Hakungoja mtu amtungie nafasi ya kucheza. Alitunga maonyesho yake mwenyewe juu ya nchi iliyovunjika na watu wanaojaribu kusimama tena, akayapeleka hadi Avignon na Brussels. Mwaka 2007 alipewa tuzo kuu ya mfuko wa Prince Claus wa Uholanzi. Angebaki kucheza yale aliyopangiwa na wengine, huenda jina la Kisangani lisingefika katika kumbi hizo.

Mfano mwingine unatoka ng'ambo ya ziwa Tanganyika, na wakaaji wa mashariki mwa Kongo wanaufahamu vizuri. Steven Kanumba alianza kama muigizaji wa kawaida katika kundi la Kaole mjini Dar es Salaam. Baadaye akaandika, akaongoza na kutayarisha filamu zake. Alipofariki mwezi wa Aprili 2012, akiwa na miaka 28 tu, filamu zake zilikuwa zikitazamwa pia huku Kongo. Kuna wanaosema filamu zile zilifanywa kwa haraka na kwa pesa kidogo. Ni kweli kwa sehemu. Lakini watu walizitazama kwa sababu zilizungumza Kiswahili wanachokisikia nyumbani, juu ya ndoa, mali na wivu wanavyovijua.

Hapo ndipo muigizaji anapokuwa na faida anaposhika kalamu. Amekwisha kujua ni maneno gani yanakaa vizuri mdomoni na ni yapi yanakwama. Anajua ni wapi watazamaji hucheka, na ni wapi huanza kuzungumza na jirani kwa sababu wamechoka. Zaidi ya hayo, muigizaji wa Kisangani anajua kwamba mtu wa mji huu anaweza kuanza sentensi kwa Lingala, akaendelea kwa Kiswahili na kumalizia kwa Kifaransa. Senario iliyoandikwa mbali haiwezi kuyajua hayo.

Na hadithi zipo. Kuanzia tarehe 5 hadi 10 Juni 2000, majeshi ya Rwanda na Uganda yalipigana katikati ya Kisangani. Dieudo Hamadi, mzaliwa wa mji huu, aliwafuata walemavu wa vita hiyo ya siku sita walipopanda mashua kuteremka mto kwa zaidi ya kilomita 1,700 hadi Kinshasa kudai fidia. Filamu yake, En route pour le milliard, iliingia katika uteuzi rasmi wa Cannes mwaka 2020. Ndani yake wahanga hao wanaonekana pia jukwaani, wakiigiza mateso yao wenyewe. Hawakuhitaji kueleza kwa hesabu walichopoteza: walikionyesha kwa miili yao. Mwaka 2022 Mahakama ya Kimataifa ya Haki huko La Haye iliamuru Uganda ilipe Kongo dola milioni 325. Mahakama inaweza kuhesabu fidia, lakini haiwezi kuandika jinsi mama alivyoishi miaka 20 bila mguu. Kazi hiyo ni ya mwandishi.

Wapo watakaosema kwamba mji unaokatikiwa umeme kila mara, wenye barabara mbovu na vijana wengi wasio na kazi, una mambo ya lazima kuliko senario. Hoja hiyo ina uzito. Lakini katika filamu yote, kuandika ndiyo hatua isiyo na gharama kubwa. Kamera, taa, mafuta ya jenereta na usafiri vinadai dola nyingi. Senario inadai daftari, muda na mtu wa kuisoma kwa ukali. Mji maskini ungefanya vizuri kuanzia hapo.

Yafanyike basi mambo matatu. Kwanza, viongozi wa makundi ya maigizo wawape waigizaji wao nafasi ya kutunga, hata kama ni onyesho fupi la dakika kumi, na jina la aliyetunga litajwe mbele ya watu. Pili, mkataba uandikwe. Muigizaji hulipwa kwa siku anayocheza, naye mwandishi ana haki juu ya kazi yake kwa miaka mingi: sheria ya tarehe 5 Aprili 1986 juu ya haki za watunzi inamlinda. Lakini sheria haimsaidii mtu aliyetoa hadithi yake kwa mdomo, bila karatasi wala sahihi. Tatu, serikali ya jimbo, inapoandaa kumbukumbu ya vita ya siku sita kila mwezi wa Juni, iagize maigizo mapya kutoka kwa watunzi wa Kisangani na iwalipe, badala ya kuwaita vijana kucheza dakika chache kati ya hotuba mbili.

Waliokuwa watoto wakati wa mabomu ya mwaka 2000 leo ni watu wazima, na wazee waliokumbuka yote wanapungua kila mwaka. Wasipoandika wenyewe, ataandika mgeni, nao wataitwa tu kuja kucheza nyuma yake.